Pilipili katika Lugha na katika Chungu

Utangulizi

Neno pilipili ni miongoni mwa maneno ya Kiswahili yatumikayo kila siku bila ya kuulizwa asili yake. Mpishi huagiza pilipili sokoni, akaletewa. Mgeni huonywa kwamba mchuzi una pilipili, akajihadhari. Hata hivyo, neno hili moja limebeba mimea miwili isiyo na udugu wowote. Wa kwanza ni mmea utambaao, uzaao punje ndogo ambazo zikianikwa huwa nyeusi. Wataalamu wa mimea huuita Piper nigrum, na asili yake ni pwani ya Malabar, kusini-magharibi ya Bara Hindi. Wa pili ni kichaka kizaacho matunda ya kijani ambayo yakiiva huwa mekundu au ya manjano. Huu ni wa jamii ya Capsicum. Ndugu zake ni nyanya, biringani na viazi ulaya, na asili yake ni Amerika. Wa kwanza ulijulikana katika nchi za Bahari ya Hindi tangu kale. Wa pili haukujulikana nje ya Amerika kabla ya 1492.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi pilipili hiyo ya pili ilivyopokewa na mataifa mbalimbali, kwa upande wa majina na kwa upande wa upishi. Hoja yenyewe ni kwamba pande hizo mbili zafuata kanuni moja. Aghalabu kila taifa liliipa pilipili jina la kiungo lililokwisha kuwa nacho, na likaipika kwa ufundi lililokwisha kuwa nao. Mifano itatolewa kutoka Meksiko, Goa, Sichuan, Ethiopia na pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwishoni itaonyeshwa kwamba jambo hili si la jikoni peke yake, bali lawahusu pia watungaji wa kamusi na wafasiri wa Kiswahili.

Safari ya Mmea na Safari ya Jina

Mabaki yaliyofukuliwa nchini Ekwado yaonyesha kwamba wenyeji wa Amerika walikuwa wakitumia pilipili za kupandwa tangu miaka elfu sita hivi iliyopita. Kati ya aina nyingi za Capsicum, ni tano tu zilizogeuzwa kuwa mazao ya shamba. Christopher Columbus alipofika visiwa vya Karibi mwaka 1492, alikuwa akitafuta njia ya kuyafikia masoko ya viungo ya Asia. Aliyoikuta ni pilipili nyingine, ambayo wenyeji Wataino waliiita ají. Mwezi wa Januari 1493 aliandika katika kumbukumbu zake kwamba kiungo hicho kilikuwa na thamani kuliko pilipili aliyoizoea. Wahispania wakakipa jina kwa kugeuza irabu moja tu: ile ya zamani ilikuwa pimienta, na hii mpya ikawa pimiento.

Hila hiyo haikuwa ya Wahispania peke yao. Katika Kihindi, neno mirch lilikuwa la pilipili nyeusi. Sasa lazima liongezewe kivumishi ili ijulikane ni ipi. Lal mirch ni ile nyekundu, hari mirch ni ile mbichi ya kijani, na kali mirch ni ile nyeusi. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari hapa, kwani kali katika Kihindi ni nyeusi, wala haihusiani na ukali. Wachina nao walikuwa na neno jiao. Pilipili nyeusi waliiita hu jiao, kwa kuwa ilitoka kwa watu wa magharibi. Ile ya Amerika ilipofika, mwandishi Gao Lian aliitaja mwaka 1591 kwa jina la fan jiao, yaani jiao ya kigeni. Neno paprika la Kihungari nalo latokana na jina la Kislavi la pilipili nyeusi.

Kiswahili kilifanya vivyo hivyo. Neno pilipili lina udugu na pilpil ya Kiajemi na filfil ya Kiarabu, na mizizi yake imo katika neno la Kisanskriti pippali. Pippali haikuwa hata hiyo pilipili nyeusi, bali kiungo kingine cha jamii yake chenye vikonyo virefu. Jina, basi, lilikwisha kuhama mara moja kabla ya kuifikia Capsicum. Waswahili walizitofautisha mbili hizo kwa kusema pilipili manga na pilipili hoho. Manga ni jina la kale la Uarabuni, hasa upande wa Omani. Punje zilizozaliwa Malabar zikaitwa kwa jina la nchi ya wafanyabiashara waliozileta.

Kiamhari kimekwenda kinyume cha hao wote. Humo berbere ni pilipili nyekundu, na ile nyeusi huitwa kundo berbere. Mgeni amekuwa mwenye nyumba, na yule wa kale ndiye aliyetafutiwa kivumishi.

Ukali wa Pilipili

Kiswahili husema kwamba pilipili yawasha, na kitenzi hicho ndicho cha kuwasha moto na kuwasha taa. Elimu ya viumbe imeonyesha kwamba usemi huo u karibu sana na ukweli. Kitu kileta ukali katika Capsicum huitwa kapsaisini, jina lililotolewa na J. C. Thresh mwaka 1876. Mwaka 1997 David Julius na wenzake huko California walitambua kipokezi katika neva kinachoamshwa na kapsaisini. Kipokezi hicho hicho huamshwa na joto lipitalo kiasi cha nyuzi 43 za Selsiasi. Kwa ugunduzi huo Julius alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian. Ulimi wa mla pilipili, kwa hiyo, hupelekewa habari ya moto ingawa moto haupo. Ndege hawapati habari hiyo. Wao huyala matunda bila taabu na kuzitawanya mbegu zake.

Mambo matatu yafuatayo yamfaa kila mpishi. Kwanza, sehemu kubwa ya kapsaisini imo katika nyama nyeupe inayozishika mbegu, si katika mbegu zenyewe. Atakaye kupunguza ukali huikwangua nyama hiyo. Pili, kapsaisini haiyeyuki vema katika maji, bali huyeyuka katika mafuta. Ndiyo sababu aliyewashwa hapati nafuu kwa maji, akapata kwa maziwa; na ndiyo sababu pilipili iliyokaangwa kwa mafuta huueneza ukali wake katika chungu kizima. Tatu, ukali si ladha. Harufu na rangi ya pilipili hutegemea aina yake, na hutegemea pia kama imeanikwa, imefukizwa moshi au imevundikwa. Kipimo cha Wilbur Scoville cha mwaka 1912 hupima ukali tu. Kwa kipimo hicho pilipili ya jalapeño huwa kati ya 2,500 na 8,000, na ile ya habanero huweza kupita 100,000. Lakini tarakimu hizo hazimwambii mpishi lolote juu ya utamu wa mchuzi.

Meksiko: Kukaanga, Kuroweka na Kusaga

Yafaa kuanza na nchi ambayo pilipili haikuwa mgeni. Neno chilli ni la Kinahuatl, lugha ya Waazteki. Katika karne ya 16 mtawa Bernardino de Sahagún aliwahoji wenyeji na kuandika kwa lugha yao wenyewe habari za vyakula vyao na za wauzaji wa pilipili sokoni. Utajiri wa majina wa nchi hiyo unaendelea hadi leo, kwani tunda moja huwa na jina jingine likikauka. Poblano ikikaushwa huitwa ancho. Jalapeño ikifukizwa moshi huwa chipotle, jina litokanalo na maneno mawili ya Kinahuatl yenye maana ya pilipili na moshi. Mswahili hatalishangaa jambo hili, kwani naye ana dafu, koroma, nazi na mbata, na ana mpunga, mchele na wali. Lugha huzidisha majina pale ambapo watu wana kazi nyingi na kitu chenyewe.

Mchuzi mashuhuri wa nchi hiyo ni mole wa mji wa Puebla; jina hilo nalo latokana na Kinahuatl, molli, yaani mchuzi. Pilipili kavu za aina tatu au zaidi hupasuliwa na kutolewa mbegu. Hukaangwa pakavu, bila mafuta, mfano wa buni, kwa muda mfupi tu mpaka zinukie. Zikifanya weusi, mchuzi mzima utakuwa mchungu. Kisha hurowekwa katika maji ya moto mpaka zilainike, zikasagwa juu ya jiwe pamoja na ufuta, lozi, zabibu kavu, mkate uliokaangwa, mdalasini na karafuu. Rojo hilo hukaangwa katika mafuta, likazimuliwa kwa supu ya bata mzinga, na mwisho hutiwa chokoleti kidogo. Mdalasini, karafuu na lozi zilitoka ng'ambo. Meksiko, iliyoipa dunia pilipili, ilivipokea viungo vya Asia kwa njia ile ile Asia ilivyoipokea pilipili: viliingizwa katika jiwe la kusagia lililokuwapo. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Goa: Siki na Kitunguu Saumu

Wareno waliitawala Goa tangu 1510 hadi 1961, nao ndio wahesabiwao kuwa wachukuzi wakuu wa pilipili katika Bahari ya Hindi. Mabaharia wao walikuwa na desturi ya kuhifadhi nyama ya nguruwe katika mvinyo na vitunguu saumu, na kitoweo hicho kiliitwa vinha d'alhos. Wapishi wa Goa walitia siki mahali pa mvinyo. Pilipili nyekundu kavu, za aina itoayo rangi nyingi kuliko ukali, zilisagwa kwa siki hiyo pamoja na vitunguu saumu, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Nyama hupakwa rojo hilo na kulazwa usiku mzima, kisha hupikwa polepole. Husifiwa zaidi siku ya pili, siki ikiisha kutulia. Hapa ufundi uliotangulia ni wa kuhifadhi nyama kwa uchachu, na pilipili iliingia kama mshirika wa siki.

Jina la kitoweo hiki ni fundisho kwa wanaisimu. Vinha d'alhos ilitamkwa vindalho, na baadaye vindaloo. Kwa kuwa katika Kihindi aloo ni kiazi, wapishi wengi wa mahoteli ya Uingereza walidhani kwamba jina lenyewe ladai viazi, wakavitia. Huko pia vindaloo imekuja kuwa na maana ya mchuzi mkali kupita kiasi, hali ya kuwa kule Goa sifa yake ni uchachu na harufu. Etimolojia ya kubuni, basi, imebadili hata vilivyomo chunguni.

Sichuan: Mafuta Mekundu na Ganzi

Jimbo la Sichuan, magharibi ya Uchina, lilikuwa na kiungo chake cha kale, hua jiao. Hiki ni ganda la tunda dogo la jamii moja na michungwa. Hakiwashi, bali hutia ganzi ulimini na midomoni. Pilipili ya Amerika ilipoingia huko haikukifukuza kiungo hicho, bali ilioana nacho. Wenyeji huiita ndoa hiyo mala: ma ni ganzi, na la ni ukali. Kiswahili hakina neno moja la mchanganyiko huo, wala hakuna ubaya. Husemwa tu kwamba chakula chawasha na kutia ganzi, na msomaji ataelewa.

Ufundi uliotangulia huko ni wa kuvundika nafaka na kunde. Huko Pixian, karibu na Chengdu, pilipili nyekundu huvundikwa pamoja na maharage mapana na chumvi kwa miezi mingi, na pengine kwa miaka. Rojo hilo ndilo msingi wa mapo doufu, chakula kilichoanza Chengdu katika karne ya 19, ambacho jina lake lamtaja mwanamke mwenye makovu ya ndui. Rojo hukaangwa kwa moto wa kiasi mpaka mafuta yenyewe yageuke mekundu. Hapo ndipo kapsaisini na rangi zimekwisha kuhamia katika mafuta. Hufuata tangawizi, kitunguu saumu, nyama ya kusaga na supu kidogo, kisha tofu iliyokatwa vipande, ambayo ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Mchuzi hufanywa mzito kwa wanga, na hua jiao iliyosagwa hunyunyizwa juu mwishoni. Mpishi mwenye haraka akauzidisha moto, rojo huungua na mchuzi hupata uchungu usioondoka.

Ethiopia: Vitunguu Kabla ya Samli

Nchini Ethiopia neno berbere lataja pilipili yenyewe na pia unga wake uliochanganywa na viungo. Pilipili nyekundu huanikwa na kutwangwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, iliki ya Kihabeshi, uwatu na vinginevyo. Kitoweo kikuu cha unga huo ni doro wat, yaani mchuzi wa kuku. Hupikwa hasa kwa sikukuu, kama vile Pasaka, baada ya Wakristo wa Kanisa la Othodoksi kufunga siku 55 bila nyama, maziwa wala samli.

Mwanzo wa upishi huu hutofautiana na ule wa nchi nyingi. Vitunguu maji vingi vilivyokatwa vidogo sana hutiwa chunguni bila mafuta, vikakorogwa juu ya moto mdogo mpaka maji yake yakauke na vyenyewe vinyong'onyee. Ndipo hutiwa samli iliyopikwa kwa viungo, na baada yake berbere, ambayo huachwa ipikike muda mrefu. Mwisho hutiwa vipande vya kuku na mayai ya kuchemshwa, na mchuzi huliwa kwa injera. Vitunguu ndivyo vifanyavyo mchuzi uwe mzito. Samli huuchukua ukali na kuulainisha. Uchachu wa injera huupunguza. Mchuzi wenye pilipili nyingi namna hiyo haumchomi mlaji kama rangi yake inavyomtisha.

Pwani: Tui la Nazi na Kisahani cha Pembeni

Wareno walifika Malindi mwaka 1498, na mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa. Pwani ilikuwa na mchuzi wa nazi wenye bizari, na humo pilipili ilipewa nafasi yenye adabu. Katika mchuzi wa samaki, pilipili mbichi hutumbukizwa nzima, pamoja na kikonyo chake, wakati tui linapotokota. Ngozi isipopasuka, pilipili hutoa harufu na kuuzuia ukali wake. Mwiko ukiipasua, mchuzi mzima umebadilika. Tui zito hutiwa mwisho na hukorogwa bila kuachwa, lisije likakatika. Mafuta ya tui huuchukua ukali kama samli inavyouchukua Ethiopia.

Sifa ya pili ya pwani ni kisahani cha pembeni. Pilipili ya kusaga kwa ndimu au ukwaju, achari ya embe na chatini ya nazi huwekwa mbali na chakula, kila mlaji akajichukulia kiasi apendacho. Maneno achari na chatini yalitoka Bara Hindi pamoja na vitu vyenyewe. Kusini zaidi, Msumbiji, kuku hupakwa pilipili, ndimu, kitunguu saumu na mafuta, akabanikwa juu ya makaa. Huko Zambezia hutiwa pia tui la nazi. Pilipili ya kuku huyo Wareno huiita piri-piri, neno walilolichukua katika lugha za Kibantu za pwani hii. Mmea walioupakia wao merikebuni umewarudia ukiwa na jina la Kiafrika.

Hoho na Wajibu wa Kamusi

Limebaki tatizo la nyumbani. Katika kamusi za zamani za Kiswahili, pilipili hoho ni ile nyekundu iwashayo, kinyume cha pilipili manga. Leo katika masoko ya Nairobi na Dar es Salaam, hoho ni tunda kubwa, nene, lisilowasha kabisa, ambalo hukatwa katika kachumbari au kupikwa kama mboga. Ile iwashayo huitwa pilipili tu, au hutajwa kwa jina la aina yake, kama pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Mimea yote hii ni ya jamii moja ya Capsicum. Kilichohama ni jina.

Madhara yake si madogo. Mwalimu wa upishi akisoma katika maandishi ya zamani kwamba mchuzi hutiwa hoho sita, atapika chakula kisichomwasha hata mtoto. Mfasiri wa habari za matibabu akiandika leo kwamba mgonjwa wa vidonda vya tumbo ajiepushe na pilipili hoho, atamkataza asiyopaswa kuikatazwa na kumwachia imdhuruyo. Msomaji wa hadithi ya zamani naye huenda asielewe kwa nini mhusika aliyepakwa hoho machoni alipiga mayowe.

Kwa hiyo, maelezo ya kamusi yasiyokwenda mbali zaidi ya kusema "tunda kali litumikalo kama kiungo" hayatoshi. Hapana budi kamusi itaje jamii ya mmea, umbo la tunda, kama lawasha au haliwashi, na maana ya neno kwa mahali na kwa wakati. Kadhalika yafaa vitenzi vya jikoni vikusanywe kwa ukamilifu: kukaanga, kubanika, kuroweka, kuponda, kutwanga, kusaga, kuvundika, kuunga. Mifano iliyotolewa hapa imepita Meksiko hadi Sichuan, na popote Kiswahili hakikukosa kitenzi. Kinachokosekana ni mazoea ya kuvitumia, kwani waandishi wengi hutosheka na kitenzi kimoja cha kupika.

Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashiani? Methali hiyo yamfaa mwenye kuingilia mambo ya watu. Mtungaji wa kamusi na mfasiri hawana ruhusa ya kujikinga nayo, kwani hata pilipili wasiyoila, wakiitaja vibaya, kuna atakayewashwa.